Kisanduku cha Pingamizi

Mimi ni katibu wa chama cha mpira wa kikapu cha mkoa. Cheo hicho ukikisikia kwa mbali kina uzito, lakini ukija ofisini utakuta chumba kimoja nyuma ya uwanja, tunachogawana na watu wa netiboli, kabati lisilofunga na mipira kumi na minne inayosubiri pampu. Kila msimu tunaendesha ligi ya timu tisa za wanaume na sita za wanawake. Tunasajili wachezaji, tunapanga waamuzi, tunafundisha wapya, na mabingwa tunawapeleka mashindano ya taifa. Watu hudhani mwenye kazi hiyo ni mwenyekiti, kwa kuwa ndiye anayekabidhi vikombe. Wanajidanganya. Kwa miaka kumi na tisa chama hiki kimebebwa na fundi cherehani mmoja tunayemwita Mama Kalamu.

Jina alilipata kwa sababu haonekani bila kalamu mbili: nyekundu ya robo ya kwanza na ya tatu, bluu ya robo ya pili na ya nne. Yeye ni karani wa mezani, anaandika kila kikapu na kila faulo. Zamani alicheza, goti likamgomea, akahamia mezani na hajaondoka mpaka leo. Asubuhi anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, na jioni akifunika cherehani anakuja uwanjani. Makarani wote wa wilaya zetu wamepita mikononi mwake, na hana dogo. Mimi mwenyewe aliwahi kunitoa nje ya semina niliyoiandaa, kisa nilikuwa napiga soga na mwamuzi mmoja kwenye viti vya nyuma.

Sasa, chini kabisa ya karatasi ya mechi kuna kisanduku kidogo cha pingamizi. Timu ikiona imeonewa, nahodha wake anatia saini humo kabla mwamuzi mkuu hajatia yake. Akitia, chama kinalazimika kukaa na kusikiliza. Asipotia, mechi imekwisha, hata kama haki yake inaonekana na kila mtu. Manahodha wengi hawalijui hilo, maana kitabu cha sheria tunacho kimoja tu, na mwenyekiti alikiazima mwaka juzi. Ndiyo maana Mama Kalamu alijiwekea utaratibu wake. Kila mechi ikiisha anaigeuza karatasi iwaelekee manahodha, anakigusa kisanduku kwa kitako cha kalamu na kusema, "Kama una neno, ni hapa." Anawaambia wote wawili, aliyeshinda na aliyeshindwa. Hakuna aliyemtuma.

Mwaka huu timu ya binti yake ilifika fainali ya wanawake. Binti ana miaka kumi na tisa, anasoma chuo na analala bweni la hapo hapo, na ndiye nahodha. Wateuzi wa timu ya taifa ya vijana hawaji kwetu, utawakuta kwenye mashindano ya taifa tu, na umri wake ulikuwa unamruhusu mwaka huu wa mwisho. Akishinda fainali anaonwa. Akishindwa, ndiyo basi. Msimu mzima mama mtu alikuwa anakwepa kukaa mezani timu hiyo ikicheza, na wiki ya fainali alinifuata ofisini.

"Katibu, niondoe Jumamosi. Mtoto wangu anacheza."

"Nikuondoe nimweke nani?"

"Weka yeyote."

"Yeyote amejifungua juzi."

Sikuwa namtania. Makarani wenye leseni ya kuandika fainali walikuwa wawili, na mwenzake alikuwa wodini ananyonyesha. Basi nikampanga, na kwenye saa nikamweka mwalimu mmoja wa hesabu aliyefuzu semina mwezi uliopita. Ratiba ilipobandikwa, maneno ya chini chini yakaanza. Viongozi wa timu pinzani walipita dirishani kwake wakisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwaka huu ushindi unashonwa nyumbani. Yeye akaendelea kukanyaga cherehani.

Jumamosi, zikiwa zimebaki sekunde sita, timu ya binti ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Mpira ukatoka nje, mwamuzi akapiga filimbi. Yule mwalimu, mtu anayegawanya namba za tarakimu nne bila karatasi, akasahau kubonyeza. Saa ikaendelea kukimbia. Mpira uliporudishwa zilikuwa zimebaki tatu. Binti alipokea, akakwepa mmoja, akaruka, na king'ora kikalia mpira ungali kwenye vidole vyake. Ukaingia kikapuni bila hata kugusa chuma. Haukuhesabiwa.

Binti alimfuata mwamuzi mkuu, akaambiwa uamuzi umeshatolewa. Kocha wao, dereva wa gari la wagonjwa aliyeanza ukocha mwaka huu, alikuwa ameshika kichwa tu. Binti akaja mezani.

"Karani," alisema, maana ndivyo alivyofundishwa kumwita mama yake wakiwa uwanjani, "saa haikusimama. Mwamuzi anasema ameshaamua. Tufanyeje?"

"Mwamuzi ndiye mwenye uamuzi."

Binti hakuondoka. Alisimama pale jasho likimdondoka kidevuni, akingoja. Viongozi wa timu pinzani nao walikuwa wameshasogea mpaka ukingoni mwa meza, wanne, macho yote kwenye mikono ya Mama Kalamu. Kalamu ya bluu alikuwa nayo. Karatasi ilikuwa mbele yake. Hakuigeuza. Alijitia hamnazo, akamalizia kuandika jumla, akaisogeza kwa mwamuzi mkuu, naye akatia saini.

Nami nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Sheria hainikatazi kufumbua mdomo. Nilijiambia kwamba si kazi yangu, na mpaka leo naona haya nikikumbuka.

Jumatatu binti alikuja ofisini na kocha wake, wana barua ya kurasa mbili. Mama Kalamu alikuwepo, ameleta ripoti za mechi, amekaa kwenye benchi la watu wa netiboli. Niliisoma barua yote kwa heshima, halafu nikawaambia ukweli: bila saini hakuna pingamizi, na washindi wanasafiri Alhamisi.

"Saini ya wapi?" kocha aliuliza.

Nikatoa karatasi ya fainali kwenye faili, nikawaonyesha kisanduku. Kilikuwa cheupe. Kocha alikitazama, akavuta pumzi, akatoka nje bila kuaga. Binti alibaki ameinama juu ya meza yangu.

"Jana nahodha wa timu nyingine alituambia sisi wachezaji," alisema, bado ameinama. "Kwamba Mama humwonyesha kila mtu."

Akamgeukia mama yake.

"Mama, angekuwa nahodha wa wale wengine amesimama pale, ungemwonyesha?"

Mama Kalamu angeweza kusema hajui. Nilitamani aseme hajui. Lakini mtu aliyeandika kilichotokea kwa miaka kumi na tisa hawezi kubadilika kwa asubuhi moja.

"Ningemwonyesha," alisema.

"Na mimi?"

"Walikuwa wananitazama mikono, mwanangu."

Binti aliirudisha karatasi kwenye faili, akanyoosha kona iliyokuwa imejikunja, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Wenzangu wana hasira na wewe tangu jana," alimwambia mama yake, na sauti yake haikupanda. "Mimi nimekuwa nikiwaambia ulisahau."