Wiki Mama Aliposhika Usukani Ayalandi

Harufu ya sufu iliyoloa mvua hunirudisha Ayalandi papo hapo, hata nikiwa nimesimama jikoni kwangu Temple Hills, Marekani. Nilikuwa na miaka kumi. Shangazi Mwanaidi, dada yake Baba, alikuwa muuguzi kule, na kiangazi kile tulikwenda kumtembelea: Baba, Mama na mimi. Shangazi hakujua kuendesha, kwa hiyo Baba alikodi gari ili sote wanne tuzunguke pwani ya magharibi kwa wiki nzima. Mvua ilinyesha mara kumi na saba kwa siku, sitii chumvi sana, na kila ilipokatika vilima vilikuwa vimepakwa kijani kipya ambacho hata mchicha haujawahi kukipata.

Shida ilikuwa Baba. Alijifunzia gari Marekani, ambako watu hupita kulia na gari hubadilisha gia lenyewe. Ayalandi hupita kushoto, na gari tulilopewa lilikuwa la gia za mkono. Lilizimika mara nne kabla hatujatoka getini. Kwenye kiplefti cha kwanza Baba alizunguka kinyume, tukakutana uso kwa uso na trekta kubwa kama msikiti. Mwenye trekta alizima injini akatungoja, mtaratibu, kama mtu aliyetenga siku nzima kwa ajili yetu.

"Wifi," Shangazi akamwambia Mama, "kaka yangu huyu atatuzika huku."

Mama akafungua mlango. "Baba Salma, hebu shuka."

"Utaweza wewe?"

"Nimeendesha pikapu ya machungwa Muheza mpaka Tanga wewe hujajua hata kupiga honi. Shuka, bwana, mzee wa watu anangoja."

Biskuti ilinidondoka. Mama niliyemjua alikuwa akipanda mabasi mawili na treni kwenda kazini Rockville, na siku nyingine zote akiketi pembeni ya Baba, mkoba mapajani. Sasa mguu wake uliikanyaga klachi kana kwamba haukuwahi kuiacha. Alitupitisha kwenye vijia vyembamba vya kuta za mawe, majani yakipangusa vioo vya pande zote mbili. Akasimama kuwapisha kondoo waliokuwa wengi kuliko wapiga kura wa jimbo letu la Maryland. Madereva wa kule husalimiana kwa kuinua kidole kimoja juu ya usukani, Mama aliwajibu kwa mkono mzima, na "Habari za huko!" juu yake. Siku ile alizungumza kuliko alivyowahi kuzungumza mwaka mzima nyumbani.

Siku ya nne, juu ya kilima, bahari ikiwa chini yetu, alisema bila kumtazama mtu, "Tukirudi, nachukua leseni."

"Chukua, wifi!" Shangazi akapiga makofi.

Baba aliwatazama kondoo. "Tutaona," akasema. Nyumbani kwetu, jambo likishaambiwa "tutaona" lilikuwa limeshazikwa na matanga yameanuliwa.

Tuliporudi Marekani, kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, Mama alitutangulia haraka hadi mlango wa kulia wa gari letu, kama alivyozoea wiki nzima. Akaketi, akanyoosha mikono. Usukani haukuwepo. Baba, upande wa pili, alikuwa ameshaushika. Alicheka, mimi nikacheka hadi nikapaliwa, na Mama naye akacheka, kisha akafunga mkanda. Habari ya leseni haikutajwa tena, na mtu yeyote.

Leo nimempita umri Mama wa safari ile. Shule ya jioni niliimaliza mwaka jana, huku yeye akinilelea wanangu na kunihimiza kwamba sijachelewa. Naendesha kwenye barabara za njia sita, ambako mtu akikuinulia kidole ujue si salamu. Mwezi uliopita nilimpeleka kwenye ofisi za Upper Marlboro kufuatilia karatasi zake, na njiani nikajikaza nikamwuliza, "Mama, nikufundishe uchukue leseni?"

"Leseni ya nini, mama? Mimi nimeshaendesha."

Alisema akitabasamu, uso dirishani. Mimi ninayeweza kuongea mpaka redio ikaomba nafasi, niliiwasha redio. Mpaka sasa sijajua kama wiki moja ilimtosha, au alikuwa ananionea huruma mimi niliyecheka pale maegeshoni.