Ua Ambalo Fundi Hakulimaliza

Ukitaka kucheka, cheka. Haya yalinipata mchana kweupe, wallahi, na tumboni nilikuwa na chai tu.

Mimi nakaa Kisauni na kazi yangu ni kutembeza wageni Mombasa. Miaka yote, kabla ya kutoka, nilikuwa nikimsomea mke wangu Zuhura maelezo yangu jikoni, naye akikuna nazi: Ngome, mizinga, vichochoro vya Mji wa Kale. Aliyashika kuliko mimi, tena alinisahihisha. Lakini kwa macho hakuwahi kuyaona.

"Mimi wanipeleka lini, Baba Rehema?"

"Jumapili hii."

Jumapili ndiyo siku ya wageni wengi. Akanunua viatu vya safari hiyo, vya kahawia, akaviweka kwenye boksi lao chini ya kitanda.

Siku moja, ili kumpoza, nikamtungia hadithi ya mlango mmoja wa kuchongwa wa Mji wa Kale. Nikamwambia fundi alichonga maua yote isipokuwa moja, kwa kuwa mkewe alimwita chakula kinapoa, naye akaenda. Zuhura alicheka mpaka nazi ikamponyoka. Mlango huo haupo, na hadithi yake sikumwambia mtu mwingine yeyote.

Mwaka jana figo zikamshinda. Nikamzika, viatu vikabaki kwenye boksi.

Miezi minne baadaye nilichukua wageni wanne, familia moja kutoka Nakuru. Desturi yetu ni kuhesabu vichwa kila mkitoka mahali, maana vichochoro vile hupoteza watu. Tulipotoka Ngomeni nikahesabu watano. Nyuma kabisa palikuwa na mwanamke wa buibui, kainamisha uso, viatu kavishika mkononi. Nikadhani kaja nao. Baadaye wakaniambia wao walidhani ni mtu wangu. Na kweli, hawakukosea.

Tukafika kwenye milango ya kuchongwa. Nimeanza tu maelezo, sauti ikatoka nyuma, taratibu:

"Baba Rehema, na ule ambao fundi hakulimaliza ua lake, u wapi?"

Nani kati ya wale alilijua jina langu la nyumbani? Niliijua sauti ile, ningekosaje kuijua? Lakini niliogopa, tena mbele ya watu. Nikajibu bila kugeuka, "Hakuna mlango huo, mama. Yalikuwa maneno tu."



"Najua," akasema. "Nalitaka tuutafute pamoja."

Nilipogeuka nikahesabu wanne. Niliwaacha wageni wa watu pale pale, nikakimbia kila kichochoro nikiita jina lake kama mtoto. Nililia, sioni haya kusema.

Jioni nikavuka daraja kurudi nyumbani, nikalivuta boksi chini ya kitanda. Lilikuwa tupu. Rehema, binti yetu, anaapa hakuligusa.

Tangu hapo Jumapili sichukui wageni. Nazunguka Mji wa Kale na Rehema, tunakagua milango ua kwa ua. Wenyeji wameshanizoea, wengine wananiona nimerukwa na akili. Sijaupata.

Nawe unayenisikiliza, kama yuko wa nyumbani kwako anayekuuliza "wanipeleka lini", usimtajie Jumapili. Vaeni viatu mtoke. Na ikiwa umeshachelewa kama mimi, kisha siku moja ukaisikia sauti yake nyuma yako, tafadhali usimwambie hakuna. Mwambie mlango upo, twende tukautafute.