Walimzika Baba Yangu Rweya, Leo Wanataka Niwe Shahidi Wao

Mwenye ukurasa, jina langu usiliweke. Mimi ni bibi wa miaka themanini na minne, naishi Geita, na macho bado yanasoma. Nilizaliwa Muleba enzi za Mwingereza. Tangu nitoke huko nikiwa msichana sijarudi kulala hata usiku mmoja. Nawaandikia nikiwa na hasira, wanangu, mnivumilie.

Baba yangu alivuka kutoka Urundi akikimbia viboko vya Wabelgiji. Alibeba mizigo bandarini Bukoba, akajifunza Kiswahili, kisha akapokelewa Muleba na mzee mmoja mwenye kahawa nyingi. Nimwite Ta Felisi, maana kwetu mwanamume wa heshima huitwa Ta. Alitupa kibanda pembeni ya migomba yake, baba akawa anampalilia na kumchumia kahawa. Kihaya alikijua mpaka mafumbo. Ta Felisi hakuwa na Kiswahili, kwa hiyo kila palipokuwa na shauri bomani, baba ndiye aliyemsemea. Kodi ya kichwa walilipa dirisha moja, na kanisani kwa Walutheri walikaa benchi moja.

Baba akafa kwa kichomi. Majirani walikuwa wameshachimba kaburi nyuma ya kibanda chetu, Ta Felisi akaja na ndugu zake.

"Huyu mpelekeni rweya."

Rweya ni nyika ya majani nje ya vijiji, wanakochungia ng'ombe. Mhaya huzikwa kibanjani kwake, kati ya migomba. Rweya alitupwa asiye na kwao.

Mama akapiga magoti. "Ta waitu, bwana wetu, si huyu aliyekuwa akikusemea bomani?"

"Niliazima ulimi wake, sikuazima ukoo wake. Mkimlaza hapa leo, kesho watoto wake watasema shamba ni lao."

Wakalifukia lile shimo tupu na kupanda mgomba juu yake, sisi tukitazama. Mwezi haukuisha mama akatupandisha meli ya Mwanza.

Wiki iliyopita alikuja hapa kwangu mkwe wa Ta Felisi, mjane wa mwanawe, na senene wa kukaanga kwenye mfuko. Mtoto wake wa kiume amekulia kambi za wavuvi kisiwani Goziba, na Kiswahili chake kimeingia Kiganda. Watu wa uhamiaji wamemkamata, wanasema ni wa Uganda. Wanataka mzee aliyemjua babu yake kule Muleba kabla ya Uhuru.

"Tumezunguka Muleba yote, mama. Rika lile umebaki wewe."

"Mimi mtoto wa mtu wa kuja?"

Akacheka kwa aibu. "Hayo yalikuwa ya wazee. Na ukoo umesema, siku yako ikifika, tutakupa nafasi kibanjani."

Nafasi. Nilimwambia aondoke na senene wake.

Tangu hapo silali vizuri. Kijana hana kosa. Babu yake alikuwa wa pale, na baba wa babu yake pia, hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Neno langu linaweza kumtoa. Lakini afisa hatakosa kuniuliza, "Na wewe bibi, baba yako wa wapi?" Nina watoto sita. Mmoja ni mwalimu, mjukuu ni askari, na hakuna aliyewahi kuulizwa swali hilo. Nikitaja Urundi, nani ataanza kubishiwa hodi? Nikidanganya, nitakuwa nimemkana baba yangu ili nimwokoe mjukuu wa mtu aliyemkana.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu taifa, na bado sijui wanapima kwa kipimo gani. Kama ni lugha, baba alikuwa nazo kuliko aliyemfukuza. Kama ni kaburi, basi nchi ni kitu ambacho jirani anaweza kukunyima kwa jembe.

Jumatatu kijana anapelekwa mbele ya maafisa Bukoba. Watoto wangu sijawaambia, najua watanikataza. Ninyi msionijua ndio nawauliza: nipande basi niende Bukoba, au nikae kimya hapa Geita? Nishaurini.