Visima vya Ndege

Asubuhi ile Abiba aliamka na ugomvi, kama siku zote. Aligombana na kuni kwa sababu zilikuwa mbichi, akagombana na maziwa kwa sababu hayataki kuchemka, kisha akamgeukia mume wake.

"Baba Sadia, mbuzi wa nani wale wamelala kwenye kiwanja?"

"Wetu," akasema Jaldesa.

"Serikali inakulipa ufukuze mbuzi kwenye kiwanja cha ndege, na mbuzi ni wako. Wewe unafuga kazi yako mwenyewe."

Jaldesa akanywa chai. Angalijua kwamba hawatakunywa tena chai pamoja, angalitafuta neno hata moja la kurudisha. Lakini ilikuwa asubuhi ya kawaida, na asubuhi za kawaida mke alisema na mume akanyamaza.

Walikuwa wanasubiri msafara wa malori ya jeshi kwenda Garbatulla. Ulikuwa mwaka wa 1966, vita vya serikali na shifta, waasi wa kaskazini, vimekolea. Watu wote wa upande ule walikuwa wamekusanywa ndani ya ua wa miiba, na mtu akionekana nje bila pasi, huyo ni shifta, hata akiwa bibi kizee anatafuta kuni. Sadia, binti yao wa pekee, alikuwa mle ndani na mimba ya kwanza, mwezi wa tisa. Mama mkwe wake alikufa mwaka uliopita. Hakuwa na mwanamke wa kumshika mgongo.

Jaldesa alikwenda kuomba pasi mara tano. Mara ya kwanza aliambiwa karani yuko likizo. Mara ya pili karani yuko, mhuri uko Marsabit. Mara ya tatu aliambiwa alete barua ya chifu, akaileta mara ya nne, akaambiwa chifu yule amebadilishwa. Mara ya tano Abiba alikwenda naye. Akaketi sakafuni mlangoni mwa ofisi, miguu ameinyoosha, kila anayeingia anamruka. Kabla ya adhuhuri pasi ikatoka. Iliandikwa mtu mmoja, kwenda.

"Na kurudi?" akauliza Jaldesa.

"Kurudi ataomba huko huko," karani akasema.

Sasa mzigo ulikuwa tayari: sukari, majani ya chai, samli kwenye kibuyu, na kitambaa cha kumfunika mtoto. Kitambaa ndicho kilicholeta mambo yote, kwa hiyo lazima kielezwe.

Kiwanja cha ndege cha Isiolo siku zile kilikuwa mchanga na kokoto na mfuko wa kitambaa juu ya mti wa kuonyesha upepo. Ndege zilikuja ndogo ndogo, za polisi na za serikali. Jaldesa akisikia mlio, alikimbia na fimbo kutoa mbuzi, punda, na siku moja pundamilia mmoja mkaidi sana. Rubani mmoja alizoea kula mkate chini ya bawa. Siku moja alipangusa mikono kwa karatasi, akaitupa. Jaldesa akaiokota. Ilikuwa karatasi nzuri, nzito, ya kufungia tumbaku.

Abiba akaikunjua kabla tumbaku haijafika. Ndani kulikuwa na picha: nukta nyingi, na mistari myekundu imetoka nukta moja imekwenda nyingine.

"Hii ni nini?"

"Njia za ndege kubwa, za watu wenye tikiti," akasema Jaldesa. Rubani ndiye aliyemwambia.

"Na hizi nukta?"

"Ni mahali zinatua."

"Zinatua kufanya nini?"

Jaldesa alifikiri. Yeye alichokiona ni kimoja tu: ndege ikitua, watu wanabiringisha pipa wanaipa mafuta. "Zinatua kunywa," akasema.

"Basi ni visima," akasema Abiba. Na hapo jambo likaisha. Abiba akishaamua, hata malaika hamgeuzi.

Alikuwa mtoto wa watu wa ngamia. Kwa watu hao njia haina maana yake yenyewe. Njia ni kamba ya kufunga kisima kwa kisima, na kila kisima kina wenyewe, na kila kundi lina siku yake ya kunywa. Akaipeleka karatasi kwa jirani, Kanana, Mmeru, mke wa karani wa mifugo, aliyekuwa anafundisha wanawake kudarizi kila Jumatano. Kanana alijua kusoma.

"Nisomee hapa nyuma, kwenye mistari midogo."

"Aden, Jumanne na Ijumaa," Kanana akasoma. "London, Jumatatu, Jumatano, Jumamosi. Bombay, Alhamisi."

"Umeona? Ni zamu. Jumanne wanakunywa Aden. Na huyu London ni kisima kikubwa sana, mistari yote inakwenda kwake. Na Bombay? Ina maji kweli?"

Kanana alicheka mpaka sindano ikamwanguka. "Mama Sadia, Bombay iko kando ya bahari."

"Maji ya chumvi. Ndiyo sababu wanakuja mpaka Nairobi." Kisha akaweka kidole juu ya Nairobi, akakipeleka kaskazini juu ya mstari mmoja mrefu. "Huu unakwenda wapi?"

"Addis Ababa."

"Unapita wapi?"

"Naona unapita karibu na hapa. Juu yetu."

"Na hausimami?"

"Hausimami."

Abiba alikasirika siku tatu. Kule kusini nukta zilikuwa zimebanana kama chawa kwenye mshono wa shati. Huku, kuanzia Nairobi mpaka Uhabeshi, karatasi tupu. "Mtu anapita kwenye boma la watu hasalimii," alikuwa anamwambia Jaldesa, kama vile Jaldesa ndiye aliyeichora. "Hataki hata kuuliza kama kuna maji! Waliochora hii ni watu gani, hawana mama?"

Akaanza kudarizi. Alichukua kitambaa cheupe cha Kanana, akaweka nukta zote za karatasi kwa uzi mwekundu, London juu, Dar es Salaam chini. Akimaliza kazi alikaa mlangoni, anashona, anagombana. Kisha akachukua uzi wa buluu, akajaza ile sehemu tupu. Akaweka Isiolo. Akaweka Kulamawe, akaweka Garbatulla, akaendelea kwenda Wajir na kupita, visima alivyonyweshea akiwa msichana, na vile alivyooneshwa na baba yake, ambavyo havina jina kwenye mdomo wa mtu wa serikali. Kando ya kila mstari aliweka mishono midogo, mshono mmoja siku moja ya mwendo wa ngamia.

"Mtoto atazaliwa ndani ya miiba," alisema. "Ataona ua na askari. Nani atamwambia kwao ni wapi?"

Jaldesa alikitazama. Kilikuwa kizuri. "Hiki kitatuletea maneno," akasema.

"Maneno ya nani? Ya ndege?"

Akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakomla mpaka leo.

Kwa hiyo Jumatatu ile, baada ya chai, wakaenda kwenye kizuizi cha barabarani. Malori yalikuwa yananguruma tayari. Askari akafungua mzigo, akaonja sukari, akanusa samli, akakunjua kitambaa. Akakitazama muda mrefu, akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita koplo.

"Mama, hii ramani ni ya nani?"

"Ya mjukuu wangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Hajazaliwa."

Koplo alidhani anachezewa. Pasi ikachukuliwa, Abiba akachukuliwa, malori yakaondoka. Jaldesa akabaki barabarani na kibuyu cha samli, vumbi limejaa mdomoni.

Siku tatu alizunguka. Kila mtu alimtuma kwa mwingine. Alhamisi asubuhi akakumbuka kitu ambacho angekikumbuka Jumatatu kama kichwa chake kingekuwa na faida: ile karatasi ya rubani. Akaitoa kwenye tumbaku, akaenda nayo, na Kanana akaenda naye aeleze.

Afisa aliitwa Rimberia, kijana mwembamba, mafua yamemshika kwa ajili ya vumbi, macho mekundu. Hakuwa mkali sana. Alikuwa amechoka. Abiba alikuwa ameketi kwenye benchi mbele yake na shuka lake, amenuna kama mtu aliyecheleweshwa sokoni.

"Afande, ni matangazo ya ndege," Kanana akasema, akaiweka karatasi mezani. "Mimi ndiye nilimfundisha mshono. Angalia mwenyewe."

Rimberia akalaza kitambaa kando ya karatasi. Akafuata kwa kidole: Entebe, iko. Aden, iko. Khartoum, iko. Akapiga chafya. "Kweli," akasema, na Jaldesa akaanza kupumua. Kisha kidole kikafika kwenye buluu.

"Na hizi? Hazimo kwenye karatasi."

"Kwa sababu karatasi ni jinga," akasema Abiba.

"Mama Sadia," Jaldesa akamwita kwa sauti ndogo.

"Wacha mimi. Afande ameuliza. Hii ni Isiolo, umekaa juu yake. Hii Kulamawe. Hii Garbatulla. Na hii mishono ni siku, moja, mbili."

Rimberia alikuwa anaandika. Aliandika upesi, mafua yamesahaulika. "Endelea, mama. Hii ya hapa, mbali na barabara? Inaitwaje? Ina maji saa hii?"

Abiba akafungua mdomo. Akaitazama kalamu. Jaldesa alimwona akiitazama ile kalamu, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili alimwona mke wake anafunga mdomo bila kusema kitu.

Abiba alijua visima vile vinanywesha nani. Wajomba zake walikuwa bado huko nje na ngamia, hawakuingia kwenye ua. Hawakuwa shifta. Lakini nani angewauliza?

"Mama, nimekuuliza."

"Nimesahau."

"Umesahau na umeshona wewe?" Rimberia akagonga meza. "Sikiliza. Mimi sina vita na wewe. Kama kitambaa ni cha ndege, kiwe cha ndege, nikupe pasi yako uende. Lakini kilichozidi karatasi, hicho ni ushahidi, na utanieleza kimoja kimoja, hata kama ni mpaka mwezi ujao."

Nje, lori la kwanza la msafara wa Alhamisi likapiga honi.

"Kilichozidi tu?" Abiba akauliza.

"Kilichozidi tu."

"Kanana, una sindano?"

Kanana hakukosa sindano kamwe, ilikuwa imechomekwa kwenye leso yake. Akaitoa. Rimberia alidhani mwanamke atamwonesha kwa ncha. Akageuza ukurasa mpya, akalowesha kalamu kwa ulimi.

Abiba akavuta kitambaa kwenye magoti yake. Akaingiza ncha chini ya uzi wa buluu, mbali kabisa, kule kusiko na barabara, akavuta. Uzi ukatoka mrefu, safi. Akavuta mwingine. Pale ulipokataa, aliukata kwa meno. Alifanya kazi kama anavyofanya kazi zote, haraka na kwa hasira, anaguna. Rimberia alipoelewa, visima vya ndani vyote vilikuwa vimekwisha, ni rundo la uzi sakafuni.

"Wewe mama! Unafanya nini?"

Abiba akafumua Garbatulla. Akafumua Kulamawe. Akafumua Isiolo mwisho. Yalibaki matundu madogo madogo tu, kama kitambaa kimeliwa na wadudu. Akakilaza mezani kando ya karatasi, nukta kwa nukta, akakinyoosha kwa kiganja. Akasema maneno mawili matatu.

Rimberia alimtazama. Akatazama daftari lake: majina matatu, ambayo dereva yeyote wa lori anayajua. Honi ikalia tena. Akapiga chafya, akatukana kwa Kimeru, akampa pasi.

Hawakupata nafasi ya kuagana. Jaldesa alimpandisha lorini, akamrushia kibuyu cha samli. Akasikia anagombana na watu wampishe akae.

Abiba alifika Garbatulla mtoto ana siku mbili. Msichana, mzima, na Sadia mzima. Hayo yaliletwa na dereva. Pasi ya kurudi aliiomba, Sadia anasema, mara sita. Ya saba hakuomba. Homa na kuhara viliingia ndani ya ua ule, maji yalikuwa mabaya, na watu walikuwa wengi. Alizikwa huko mwaka uliofuata, kabla vita havijaisha, na Jaldesa alipata habari siku ya tisa, akiwa kiwanjani na fimbo, ndege inashuka.

Sasa watu wa Isiolo wana namna yao ya kusimulia. Wengine wanasema Abiba alimlaani yule afisa mpaka mkono wake ukatetemeka. Wengine wanasema alimshika miguu akalia. Kanana mwenyewe, amezeeka, anasema Abiba alimsomea Kurani, na Abiba hakujua zaidi ya Alhamdu. Wanamchosha Jaldesa. Yeye alikuwa amesimama pale mlangoni, hatua mbili. Hakuna laana, hakuna machozi. Alisema hivi:

"Haya, sasa kimefanana na karatasi ya ndege, huku kwetu hakuna mtu. Nirudishie pasi yangu niende kwa binti yangu, huyo ambaye hayuko, kabla lori halijaniacha."