Panya za Mwalimu wa Kiingereza

Mdogo wangu amekuja mid-term na kabla hata ya kunywa chai akaniambia kitu ambacho kimeninyima raha mpaka sasa. Yuko gredi ya kumi, shule ile ile niliyosoma mimi, kule mbele ya Kasikeu. Siku hizi wanachagua masomo. Yeye amechagua Fasihi ya Kiingereza kwa hiari yake, hakuna mtu alimsukuma. Sisi hatukuchagua kitu. Kiingereza tulipewa kama dawa ya minyoo: mnapanga laini, mnameza.

"Tumeambiwa tulete hadithi ya nyumbani," akasema. "Unauliza nyanya yako, halafu unaandika kwa Kiingereza."

Nikamwuliza ni nani amesema hivyo, na moyoni nilikuwa najua.

"Si Mwalimu wa Kiingereza. Kwani hamjuani? Aliniuliza kama mimi ni mdogo wako, nikasema ndio. Akacheka kidogo. Akasema, 'Muulize dadako ile ya hondohondo inaisha aje.'"

Rafiki yangu, niliweka kikombe chini. Miaka yote hii, huyo mtu bado anauliza.

Wacha nikurudishe nyuma kidogo. Nilikuwa Form Two, likizo ya Agosti, kwa Susu huko Matinyani. Susu ndiye nyanya, mama ya mama. Agosti kwetu ni vumbi tupu. Asubuhi sisi wajukuu tulikuwa tunashuka mtoni na punda na mitungi ya njano, tunachimba mchanga na bakuli hadi maji yatokee, machache, ya rangi ya chai ya maziwa, unangoja yatulie ndio uteke. Mchana kazi ilikuwa nzuu, zile mbaazi zetu, kuzikoboa mpaka kucha zinakuwa kijani. Ama nilikuwa natwanga mahindi kwa kinu yatoke maganda, yawe muthokoi, na Susu akiwa kwa kigoda chake ananiambia natwanga kama mtu anayebembeleza mtoto.

Mwalimu alikuwa ametupa kazi hiyo hiyo: leta hadithi ya nyumbani. Mimi nikataka kuimaliza siku ya kwanza, vile niko. Nikamwambia Susu anipatie moja haraka tukiwa kwa nzuu. Akakataa. "Hadithi ya mchana inapoteza mbuzi," akasema. "Na wewe unataka tulale bila mbuzi juu ya Kiingereza?"

Basi nikangoja jioni. Sufuria ya muthokoi ikishatoka motoni na moshi umepungua, tukiwa tumekula, ndio Susu alikuwa anaanza. Hiyo sauti yake siwezi kukuandikia. Msichana alikuwa anaenda mtoni wakati wa kiangazi, anachimba mchanga unajaa tena, anachimba unajaa. Na juu ya mti kuna hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, anamwangalia. Halafu ndege anaongea. Tulikuwa tunajua kila neno na bado tunashikana mikono.

Na mwisho, Susu alikuwa anafunga. Kwetu hadithi haiachwi tu hivyo, inafungwa kama boma. Yule anayesimulia anajiombea mazuri, na mabaya anawarushia wanaosikiliza. Susu alikuwa anasimama, anatunyooshea kidole mmoja mmoja, na anasema mbio mbio tusimkatize: ng'ombe zote ziingie kwa boma yangu, na panya zote ziingie kwa ghala yako! Nasi tunapiga kelele, "Hapana Susu, panya zako!" Lakini ameshasema. Ameshinda. Tunaenda kulala tukicheka, panya ni zetu.

Nilimwuliza hiyo ya panya niiandike aje kwa Kiingereza. Akaniangalia kama mjinga. "Utamfungia nani kwa karatasi? Hiyo inasemwa kwa mdomo, na mtu yuko mbele yako."

Kwa hivyo sikuandika. Niliandika hadithi yote, nikaacha mwisho wazi, nikijua nitaufunga mwenyewe nikisimulia mbele ya darasa. Nilifanya mazoezi njia yote ya kurudi shule. Nilikuwa hata nimechagua nani nitamnyooshea kidole.

Sikusimulia. Mwalimu alirudisha kazi za wengine, yangu akabaki nayo. Akaisoma yeye, kwa sauti yake ya redio, akizungukazunguka kati ya madawati. Nilijisikia nimekuwa mrefu. Halafu akasema hiyo ndiyo shule itapeleka kwa mashindano ya drama, na itasimuliwa na msichana fulani aliyehamia kutoka Nairobi, kwa sababu Kiingereza yake imenyooka.

Niliinua mkono. Nikasema, "Mwalimu, lakini ni yangu."

Akasema, "Umeandika vizuri. Lakini mdomo wako bado uko Matinyani."

Walicheka. Wote. Hata deskmate wangu, ambaye mdomo wake haujawahi kutoka Mutomo.

Na nikwambie kitu kingine. Shuleni kulikuwa na kipande cha mbao kwa kamba ya katani. Ukishikwa ukiongea Kikamba unakivaa shingoni mpaka umpate mwingine wa kumvika. Wiki hiyo hiyo kilikuwa shingoni mwangu, na aliyenivika ni Mwalimu mwenyewe. Yaani Kikamba kwa mdomo wangu ni makosa, lakini kwa mashindano yake ni utamaduni. Kwa programu ya mashindano jina langu halikuwa. La Susu ndio usiseme. Kuliandikwa: imetungwa na kuongozwa na Mwalimu.

Walitupeleka wote kushangilia. Yule msichana alisimulia vizuri, sitadanganya. Alivaa kanga na shanga, mchanga ukajaa, ndege akaongea, ukumbi wote umeshika pumzi. Akafika mwisho, akainama, akasema asante. Watu wakapiga makofi yale ya kungoja, unajua, ya mtu hana uhakika kama kitu kimeisha.

Jaji alikuwa mama mmoja mnene, mtu wa huku kwetu, lesso begani. Akashika maiki. "Hadithi tamu," akasema. "Lakini mbona umetuingiza kwa nyumba ukaacha mlango wazi? Aliyekupa hii, hakukupa mwisho?" Msichana akamwangalia Mwalimu. Mwalimu akaangalia viatu vyake. Wakawa namba mbili, na namba mbili haikuenda mbele.

Mimi nilikuwa kwa benchi ya nyuma, na ulimi wangu mzito wa Matinyani nimeukalia kama kuku na mayai.

Jumatatu akaniita staffroom. Walimu wengine walikuwa wanakunywa chai, kwa hivyo aliongea chini chini.

"Wewe. Ile hadithi inaisha aje?"

"Imeisha tu hapo, Mwalimu."

"Nyanya yako hakusema kitu mwisho?"

"Alisema tukalale."

Aliniangalia sana. Mimi nikamwangalia pia, na nilikuwa najua kwamba anajua. Hiyo siku nilikula maharagwe ya shule, yale yenye wadudu, nikasikia utamu wa pilau.

Aliniuliza tena Form Three. Akaniuliza siku ya kumaliza shule, karibu na geti, akiwa mpole kabisa, ananiita binti yangu. Nikamwambia nimesahau. Kila mwaka alikuwa anaipeleka hiyo hadithi mahali, na kila mwaka anaiwekea mkia wa kujitungia, mara harusi, mara wimbo wa taifa, na kila mwaka nikisikia imeanguka nilikuwa nafurahi peke yangu kama mtu ameokota pesa.

Sasa rudi kwa chai. Mdogo wangu akasema, "Basi nipatie hiyo hadithi, nimpelekee mwisho wake tuone atasema nini." Nikasema sawa. Nikamwambia angoje jioni, mbuzi zisipotee, akacheka. Tukala, nikaanza. Msichana anaenda mtoni. Anachimba, mchanga unajaa. Anachimba, unajaa. Hondohondo yuko juu ya mti, anamwangalia. Halafu ndege anaongea.

Ndege anasema...

Ndege anasema nini? Nilirudi mwanzo, nikachimba tena, mchanga ukajaa. Miaka yote nililinda mlango, na sasa nimeingia ndani nikapata nyumba tupu. Ng'ombe na panya ninazo zote, hata vile Susu alikuwa anainua kidole ninakumbuka. Katikati hakuna.

Na wa kuuliza hayuko. Susu alituacha nikiwa Form Four. Jiko lake lilibomolewa, pale kuna tangi la maji sasa. Mama aliokoka, hadithi za zamani aliziacha pamoja na shanga, anasema ni mambo ya giza. Karatasi niliyoandika ilibaki kwa mkono wa Mwalimu yule yule.

Mdogo wangu akasema polepole, "Hapo najua. Mwalimu alitusimulia darasani. Hondohondo alimwambia ati..."

Nikamfunika mdomo. Kweli kabisa, kwa kiganja. "Usithubutu."

"Sista, si ni ya Susu?"

"Ndio maana."

Amelala sasa, na mimi bado nina hasira, lakini nimeamua: aliyeichukua hadithi ndiye atairudisha. Visiting day naenda. Nitavaa vizuri, nibebe muthokoi kwa hotipoti, nimtafute Mwalimu mbele ya wazazi wote. Nitamwambia aanze mwanzo na asiruke kitu, kwa hiyo Kiingereza yake iliyonyooka. Nitakaa chini nimsikilize kama mtoto. Maneno ya ndege nitayachukua moja moja niyarudishe kwa Kikamba, kwa mdomo ule ule alioucheka, mpaka yote yawe yangu.

Atafika pale mwisho, akwame, aniangalie. Hapo nitasimama. Atapata kile ametafuta miaka yote, atakipata vile Susu alitaka, kwa mdomo, na yeye yuko mbele yangu, na kidole kimenyooka. Ng'ombe zangu.

Wewe rafiki umenisikiliza mpaka hapa, na kwa desturi yetu ningekurushia kitu. Lala tu bila wasiwasi. Panya zako pia nampelekea yeye.