Nywele za Shiundu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliyoianza kama asubuhi nyingine zote: nikafagia kibanda, nikafuta kioo, nikanoa wembe. Nilikuwa kinyozi huko Gatina, Kawangware, uhuru ukiwa bado mchanga na mimi mwenyewe sijafika miaka ishirini na mitano. Kibanda kilikuwa kwenye ploti ya Mzee Mbugua, mwenyeji wa pale, mtu wa maneno machache aliyependa kuja mapema na kukaa kwenye benchi langu angoje zamu yake, hata kama mbele yake hakuna mtu.

Asubuhi ile pia Mzee alikuwa pale. Akaingia Shiundu. Tulitoka upande mmoja, Magharibi, na sote tulikuwa wapangaji wa Mzee. Alikuwa akiendesha teksi ya tajiri mmoja wa mjini. Alikaa, akasema, "Nyoa yote, ndugu. Halafu unifungie hizo nywele kwa gazeti, nitaenda nazo."

Kwetu mtu hanyoi kipara hivi hivi. Hunyolewa aliyefiwa, na nywele za msiba hazitupwi jalalani pamoja na za watu wengine. Kwa hiyo nikamwuliza, "Nani ametuacha?"

Hakujibu. Nilimtazama kwenye kioo, akainamisha macho. Nikamaliza, nikamfungia nywele zake, akaenda. Hayo ndiyo yote yaliyotokea asubuhi ile, na ninaomba uyashike vizuri, maana mimi sikuyashika.

Kesho yake mheshimiwa mmoja alipigwa risasi mlangoni mwa afisi yake mjini. Alikuwa mtu wa kupendwa, na wanaume wazima walilia barabarani bila kuona haya. Waliompiga walikuwa wawili. Walikimbilia teksi iliyokuwa ikiwangoja, wakashuka mbele kidogo, wakapotea mpaka leo. Aliyekamatwa ni dereva, na dereva alikuwa Shiundu.

Hakukana kwamba aliwabeba. Alisema waliingia garini kama abiria wengine, wakamwambia angoje kidogo, na waliporudi mbio mmoja wao alimwekea bastola shingoni. Serikali ikasema ni mwenzao. Basi kesi nzima ikabaki na swali moja: je, Shiundu alijua? Kama hakujua, angerudi nyumbani. Kama alijua, ni kitanzi.

Nami nilikuwa na la kusema. Kinyozi asiye na hadithi hana wateja, hiyo ndiyo kazi yetu. Wiki ya kwanza nilisema tu kwamba alinyoa kipara siku moja kabla. Watu wakaguna. Wiki ya pili nikasema nilimwuliza nani amekufa, naye akatabasamu. Wiki ya tatu akawa amenijibu. Benchi lilijaa, wengine wakasimama mpaka nje, hata wale niliokuwa nimewanyoa juzi tu. Nilipenda, mwanangu. Nisikudanganye, nilipenda sana kutazamwa vile. Na hadithi ukiisimulia mara nyingi, mwishowe wewe mwenyewe unaanza kuiona ikitendeka. Mzee Mbugua aliacha kuja asubuhi, nami sikujiuliza kwa nini.

Polisi nao wana nywele. Walisikia, na siku ya siku nikaitwa kortini.

Shiundu alikuwa ameshajieleza. Alisema mtoto wake mchanga alifariki nyumbani na akazikwa kabla habari haijamfikia, na mwenye gari alimkatalia ruhusa ya kusafiri. Ndipo akanyolea huku huku Nairobi, na nywele akazituma kwa basi zikazikwe kwao. Wakili wa serikali alicheka. Barua iko wapi? Imepotea. Mke yuko wapi? Yuko nyumbani, mgonjwa, na hakuna aliyehangaika kumleta. Dada yake aliyeishi Kibera alikuja akaapa kwamba mtoto alikufa kweli, lakini nani angemwamini dada wa mshtakiwa?

Kisha nikaapishwa mimi, kijana safi, asiye ndugu wala adui.

"Ulipomwuliza nani amekufa," wakili alisema, "alikujibu nini?"

"Alisema, 'Kesho mtalia wote.'"

Korti nzima ilishusha pumzi. Nilimwangalia Shiundu nikidhani atapiga kelele. Hakupiga. Aliitazama tu mikono yangu, ile iliyomnyoa, mpaka nikaiweka nyuma. Baada ya siku chache jaji alisema maneno ya mtu aliyejua ndiyo hayo, akamhukumu kunyongwa.

Jioni ile Mzee Mbugua alikuja kibandani. Hakukaa.

"Wewe kijana," alisema, "mimi nilikuwa hapa kwa benchi. Nilisikia swali lako na nilisikia wembe. Hilo jibu nimelisikia kwa watu wa korti."

"Mzee, lakini huenda alijua kweli."

"Huenda. Mimi sijui. Na wewe hujui. Lakini umeongea kama mtu anajua, na sasa mwenzako atakufa na jibu lako."

Nilikasirika, mwanangu, kama anavyokasirika mwenye kosa. Nikamwuliza mbona yeye hakwenda kusema. Aliikunjakunja kofia yake.

"Niliogopa," alisema. "Niko na shamba, niko na watoto, na hiyo kesi iko na wakubwa ndani. Basi tuko wawili."

Akaondoka. Siku ya pili yake nilikwenda mjini kumtafuta wakili wa Shiundu. Nilifika kwenye ngazi za afisi yake, nikakumbuka niliambiwa kwamba anayegeuza ushahidi wa kiapo hufungwa yeye. Nikajiambia nitarudi Jumatatu. Jumatatu nikanyoa watu. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini wangu hakungoja nizeeke. Nilinyoa watu Jumatatu nyingi, na moja katika hizo wakamnyonga.

Mwezi haukuisha, mwanamke akaingia kibandani amejifunga leso kichwani, na dada yake Shiundu akasimama mlangoni. Nilijua kabla hajasema kwamba huyu ni mke wa Shiundu. Alikaa kwenye kile kiti, akavua leso.

"Nyoa yote," alisema. Alinitazama kwenye kioo. "Mbona huniulizi nani ametuacha?"

Nikauchukua wembe.

"Gazeti ulilomfungia lilifika kwa basi," alisema. "Nilizika zile nywele kando ya mtoto. Mwili wa mume wangu wamekataa kutupatia, wameuzika jela. Kwa hiyo pale nyumbani Shiundu ni zile nywele, basi. Sasa ninyoe, unifungie na zangu."

Nilimnyoa. Machozi yangu yalimdondokea kichwani, naye hakuyafuta wala hakunifariji, na alifanya haki. Nilimfungia nywele zake kwa gazeti. Alizipokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto, akatoka na wifi yake. Ule wembe niliuacha palepale kwenye rafu, na kazi ya kinyozi nikaiacha siku hiyo.

Umri huu wote nimewasikia ninyi vijana mkikaa kibarazani mwangu hapa Kibera mkimaliza kesi za watu: fulani alijua, fulani alikuwa ndani, lisemwalo lipo. Mimi, mwanangu, nimeona lisemwalo na halikuwapo. Sisi ndio tuliolileta. Alijua Shiundu, hakujua? Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba nilimwuliza swali akanyamaza, na ndani ya kunyamaza kwa mtu mwenye uchungu nikatia maneno yangu.

Kwa hiyo shika hili. Ukiulizwa ulichoona, sema ulichoona, kisha ukome. Pale usipojua, sema sijui, hata kama benchi zima linakungoja na watu wataondoka wakikuona huna maana. Na ukimsikia mtu akiongeza, nawe ulikuwapo, usikae kimya kama Mzee wangu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, maana kidole changu nilichowahi kuvunja kilipona.

Mungu akulinde na kinywa chako kabla hajakulinda na adui zako. Akupe moyo wa kurudi kwenye ngazi nilizozikimbia mimi, na siku watu wako watakapokulilia, wawe na mwili wako wote wa kuzika, si nywele tu.