Kilemba Changu cha Mbung'o

Niling'oa kitambaa cha watu porini nikajifunga kichwani. Basi, nimesema. Chekeni mmalize ndiyo niendelee.

Ilikuwa matembezi ya klabu ya jiografia, siku nzima kwa miguu, tunafuata njia ya kando ya ziwa upande wa Magunga, unapita msitu, unatokea kwenye nyasi za kiunoni, halafu msitu tena, na ziwa liko hapo chini linakuangalia tu. Mimi ni Mkuria, nasoma kwa Wajaluo (Dholuo changu ni cha kusalimia na kuomba chakula), na wiki hiyo nilikuwa nimejikalia kimya kabisa, kwa sababu mama alikuwa ameitwa shule mara mbili juu ya huu mdomo wangu, na mara ya pili alisema mbele ya mwalimu: "Wakiniita tena, mura, unaacha shule unakuja kuchunga ng'ombe." (Mura ni kijana, kwa Kikuria.) Mama yangu hatishii mtu. Hutangaza.

Sasa tulipotoka msituni jua likatuangukia, na hapo kwenye nyasi nikaona kitambaa cha buluu na cheusi kimetandazwa kati ya vijiti viwili. Hakuna nyumba, hakuna mtu, hakuna hata mbuzi. Nani anaanika shuka porini? Nikakizunguka. Nikakinusa (kilinuka kama duka la dawa za mifugo, na mwenye akili angeachia hapo). Ni bendera? Ni mpaka wa shamba? Ni mambo ya dini? Rafiki yangu Otieno, ambaye ni wa huko huko na angenijibu, alikuwa nyuma anafunga kamba za viatu, na kichwa changu kilikuwa kinachemka, kwa hivyo nikakifungua nikajipiga kilemba, mafundo mawili, mkia unaning'inia mgongoni kama sultani.

Chini ya mteremko kulikuwa na boma. Nyanya mmoja akatoka akaninyooshea kidole.

"Maugo! Maugo!"

Nikajua amenifananisha na mkubwa wao fulani, maana Maugo si ni jina la mtu? Nikampungia mkono kama mbunge. Akaita tena kwa nguvu. Nikainama kidogo, kwa heshima.

Ndiyo kitu kikanichoma shingoni. Kingine mgongoni, kupitia shati! Kingine sikioni!

"Otieno! Maugo ni nani?"

"Si mtu, wewe! Ni mbung'o! Umevaa mtego wa mbung'o!"

Kumbe hiyo buluu ndiyo inawaita, wakitua dawa inawamaliza, na mimi nilikuwa nimewaitia kwa kichwa changu. Fundo likakataa kufunguka. Nikakimbia, wenzangu wakanikimbia mimi, mteremko ukanibeba mpaka ndani ya boma, nikateleza, nikatua kifua juu ya omena, vile visamaki vya ziwani, ambazo yule nyanya alikuwa ameanika, na ng'ombe wake wakaruka ua wakaenda zao.

Mwalimu alinikuta hapo, omena kwenye nywele. Nyanya alimwambia kwa Kiswahili, ili nami nisikie: "Mwalimu, nimebaki na ng'ombe tatu. Zingine zilimalizwa na hizo mbung'o. Sasa hii mtoto inavaa dawa yao?"

Hapo kicheko kikaisha, hata changu. Tulirudisha ng'ombe, tukaokota omena, nikafunga kile kitambaa mahali pake kwa mikono yangu, nikiumwa. Na mama akaitwa.

Alikuja Jumatatu. Mwalimu alimweleza yote, akijikaza asicheke. Mama hakujikaza, hakuwa na cha kucheka. Akaangalia shingo yangu ilivyovimba, akauliza swali moja tu, huyo nyanya ana ng'ombe ngapi, nikasema watatu. Mimi nilikuwa tayari nawaza nitafunga vipi sanduku langu. (Siku hizi nikiona kitu sikijui nauliza kwanza, mikono ikiwa mfukoni.)

Halafu akasimama, akachukua mkoba wake, akaniambia hivi, neno kwa neno:

"Rudi darasani, mura. Mtu anang'oa dawa ya ng'ombe anajifunga kichwani, huyo mimi siwezi mpatia ng'ombe zangu."